Kuta za plako zilizoharibika Lubumbashi: kasoro ni za nani?

Mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, mama mmoja mwenye ofisi ya kupitisha mizigo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, alimzuilia fundi wake theluthi ya mwisho ya malipo. Sababu aliyoiandika kwenye karatasi ilikuwa maneno mawili: kazi imepasuka. Fundi akajibu kwamba kuta aliziacha laini mwezi wa pili, akakabidhi funguo, na mama mwenyewe akazisifu mbele ya watu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nikaitwa niangalie na kusema nani alipe. Naandika kisa hiki kwa sababu ugomvi wa plako, yaani kuta za mbao za jasi, hapa mjini huwa na sura hiyo hiyo: kasoro za kila namna, zenye wazazi tofauti, zinapewa jina moja, kisha jina hilo anatwikwa mtu aliyekuwa wa mwisho kudai pesa.

Ofisi imo ndani ya nyumba ya zamani ya matofali, yenye ukumbi mkubwa ambao mama alitaka kuukata vyumba. Ukuta wa matofali ungekula nafasi na muda, kwa hiyo zikaja mbao za jasi, plako za BA13: unene milimita 12.5, upana sentimita 120, na kingo mbili ndefu zilizopunguzwa unene ili utepe wa maungio na andwi, ile rojo ya kuziba maungio, vipate pa kulala bila kuvimba. Seremala alisimamisha fremu ya shevro, yaani boriti nyembamba za mbao, na kuzifunga plako. Nyuma yake akaja fundi wa andwi, yule wa kuziba maungio, kuyasawazisha na kuyapiga msasa. Wa tatu alikuwa mpaka rangi. Wa mwisho fundi umeme, aliyefunga ukanda wa taa za LED kwenye pembe ya juu ya ukuta wa mapokezi. Watatu kati yao walikwisha kulipwa na kwenda zao. Wa andwi ndiye aliyekuwa anadai, kwa hiyo ndiye aliyebaki na kesi.

Kabla ya kugusa ukuta niliuliza tarehe. Kazi ilifanywa mwezi wa kwanza. Anayeijua Lubumbashi anaelewa: mvua hukaza kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, na kufika wa tano mbingu imefungwa. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, hewa inakauka hadi midomo inachanika. Kuta zilisimamishwa katika unyevu, zikaja kuishi katika ukavu, na sehemu kubwa ya yote yaliyofuata ilitokana na hapo.

Vinundu vilivyopangana mistari

Katika chumba cha katibu, ukuta ulikuwa na vinundu vidogo vilivyopanda wima, kimoja juu ya kingine, kila baada ya sentimita 30 hivi. Vingine vilikuwa vimepasua rangi kwa duara. Mama aliamini fundi hakuvifunika vizuri vichwa vya visi, yaani skrubu. Kipimo cha jambo hilo hakihitaji mashine. Weka kiganja karibu na kinundu, sukuma. Ubao ulirudi nyuma kidogo na kichwa cha visi kikajitokeza zaidi. Maana yake kulikuwa na nafasi tupu kati ya plako na shevro. Andwi juu ya visi haiwezi kutengeneza nafasi nyuma ya ubao.

Shevro zilinunuliwa mbichi. Vipande vilivyobaki vilikuwa bado vimeegemezwa uani, vimepinda, na ncha zake zimechanika kwa kukauka. Mti ukikauka haupungui sana kwa urefu, ila kwa unene na upana unaweza kupoteza asilimia 5 na zaidi kutoka ubichi hadi ukavu. Sasa tazama visi yenyewe. Seremala alitumia za milimita 50, akidhani ndefu ndiyo salama. Ukitoa 12.5 za plako, zinabaki 37 na ushei ndani ya mti. Ncha imeshikwa huko ndani, mti unanywea, uso wake unaachana na ubao. Asilimia 5 ya 37 ni karibu milimita 2 za pengo. Kwa visi ya milimita 35, ambayo ingezama 22 tu, pengo lingekuwa milimita 1 hivi, na kwa shevro kavu lisingekuwepo la kuzungumzia. Mtu akiegemea ukuta, au mlango ukibamizwa, ubao unarudi kugusa mti na kichwa cha visi kinasukuma andwi nje.

Fundi alikuwepo nilipokuwa nikieleza hayo. Akamgeukia mama: “Mama, miye nilisema tangu mwanzo, ile mbao haiyakauka.” Mama akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba alimwambia seremala, na seremala alisema itakaukia humo humo. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ilikaukia humo humo.

Niliona pia vichwa kadhaa vilivyozamishwa mno hadi vimechana karatasi ya plako. Visi inashika ubao kwa karatasi. Jasi ya ndani peke yake haina nguvu ya kuzuia kichwa. Kinachotakiwa ni kichwa kilale chini kidogo ya uso, karatasi ikiwa nzima. Visi iliyochana karatasi haihesabiwi, hata ikikaza. Hiyo pia ni ya seremala.

Matengenezo ya sehemu hii yana bahati moja: kufikia mwezi wa saba mti ulikuwa umemaliza kunywea. Unasukuma ubao hadi uguse shevro, unafunga visi mpya ya 35 sentimita 4 juu au chini ya ile ya zamani, ya zamani unaichomoa, unaziba. Anayefanya hivyo mwezi wa pili, mti ukiwa bado na maji, atarudia.

Maungio: hapa fundi hakupona

Rula ya alumini ya mita 1 husema mengi. Ilaze kukatiza ungio na umulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati, ungio limedidimia. Rula ikicheza huku na huku kwa kuegemea katikati, ungio lina mgongo. Ofisini humo yalikuwepo yote mawili, na yana sababu zinazopingana.

Yaliyodidimia yalikuwa yale ya wima, kwenye kingo zilizopunguzwa unene. Fundi alitumia andwi ya ndoo, ile inayokuja tayari. Andwi hiyo hukauka kwa kupoteza maji tu, na maji yakitoka inapungua ujazo. Kwa hewa ya kawaida, chumba kikipitisha upepo, mkono mmoja, yaani tabaka moja, unahitaji takriban saa 24. Mwezi wa kwanza hapa kwetu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, saa hizo zinaongezeka sana. Yeye alipaka mkono wa pili siku ile ile ya utepe, na wa tatu kesho yake. Uso uliguswa ukaonekana mkavu, akaupiga msasa ukawa sawasawa na ubao. Chini bado palikuwa na maji. Yalitoka polepole, wiki kwa wiki, na ungio likaendelea kushuka likiwa tayari chini ya rangi. Ndiyo maana mwezi wa pili kila mtu alisifu.

Alijitetea kwamba mama alimpa siku chache mno, wateja walikuwa wanaingia Jumatatu. Nakubali, na ilinibidi kumwambia mama kwamba haraka yake ina bei. Lakini kwa tatizo hilo hilo ipo andwi ya mfuko, ya unga, inayoshika kwa kuungana na maji jinsi plasta inavyoshika, ndani ya dakika 20, 45 au 90 kulingana na aina. Haingojei hewa ikauke ili iwe ngumu, na haipungui kama ile ya ndoo. Mkono wa kwanza, ule wa kulaza utepe, ungeweza kufanywa kwa hiyo hata mvua ikinyesha. Nilipomwuliza kwa nini hakuitumia, alisema inachosha kupiga msasa. Inachosha kweli, ndiyo maana haiwekwi kwenye mkono wa mwisho. Kwa mkono wa kwanza udhuru huo haufai.

Migongo ilikuwa ya sura nyingine. Ncha fupi za plako hazikupunguzwa unene, kwa hiyo zikikutana hakuna bonde la kujaza; utepe na andwi vinakaa juu ya uso na lazima vivimbe. Huwezi kuuondoa uvimbe huo, unaweza kuunyoosha tu: andwi isambazwe sentimita 20 hadi 30 kila upande, izidi kuwa nyembamba inapokwenda, hadi jicho lisione ilipoanzia. Fundi aliishia sentimita 10 kila upande, akapata kilima kifupi chenye mteremko mkali. Juu ya hilo, kwenye maungio hayo alibandika utepe wa wavu wa nyuzi, akaupakia andwi ya ndoo. Utepe wa wavu unavutika, na unahitaji andwi ya unga inayoshika ngumu. Kwa andwi ya ndoo ni wa karatasi, mkunjo wake ukielekea ukutani. Mawili kati ya maungio hayo yalikuwa na ufa mwembamba ulionyooka katikati kabisa. Katika ofisi nzima, huo ndio ufa pekee niliouandika moja kwa moja kwenye jina lake.

Karibu na choo, kwenye pembe ya ndani, palikuwa na malengelenge: utepe umeinuka vipande vipande, ukigonga kwa ukucha unasikia utupu. Nilichana lengelenge moja kwa kisu. Mgongo wa utepe ulikuwa msafi, hauna andwi kabisa. Aliupaka ukuta andwi nyembamba mno, au alikamua kwa nguvu hadi akaitoa yote. Lengelenge halipakwi juu. Linakatwa lote mpaka mahali utepe uliposhika, linajazwa, utepe mpya unalazwa. Kuhusu vishimo vidogo vilivyotapakaa hapa na pale sitasema mengi: ni viputo vya hewa, aliikoroga ndoo kwa drili yenye kasi kubwa. Mkono mmoja mwembamba, ukikazwa vizuri, unavifuta.

Ufa wa mlango

Juu ya mlango wa chumba cha mama mwenyewe, ufa ulitoka pembe ya fremu ukapanda hadi darini. Huu ndio uliomkasirisha zaidi, maana ulizibwa mara mbili na kurudi. Ulikuwa umenyooka wima, na ufa unaonyooka hivyo huwa unafuata kitu. Nilikwangua kidogo: ungio la plako mbili lilikuwa limepangwa sambamba na ubavu wa mlango. Kila mlango unapofungwa fremu inatikisika, na mtikisiko wote unaishia kwenye mstari huo mmoja. Plako za juu ya mlango hukatwa kwa umbo la pembe, ubao mmoja ukumbatie kona, ungio likae mbali, juu ya nafasi ya mlango au pembeni kabisa. Fundi wa andwi aliukuta ubao umekwisha fungwa. Angeweza kukataa kuuziba. Nadhani fundi mzoefu angekataa. Ila kosa lilizaliwa kabla yake, na hakuna andwi itakayolitibu. Tulishauri ubao ule utolewe na uwekwe mwingine mzima unaopita juu ya kona.

Ukuta wa mapokezi, au habari ya taa

Mchana, ukuta wa mapokezi haukuwa na neno. Jioni mama aliwasha taa za LED, na ukuta ukaonyesha mbavu zake zote kama ng'ombe wa mwisho wa kiangazi. Kila ungio, kila mstari wa visi, kila mahali msasa ulipopita. Mama akasema: “Unaona?”

Niliona, ila nilichokiona kilikuwa mambo matatu yaliyopandana. La kwanza ni taa. Mwanga unaoshuka ukiulamba ukuta kwa ubavu hurefusha kivuli cha kila kimo, hata cha nusu milimita. La pili ni rangi: mama alichagua rangi ya mafuta yenye kung'aa, nayo inarudisha mwanga huo moja kwa moja machoni. La tatu, mpaka rangi hakutanguliza rangi ya msingi. Karatasi ya plako na andwi havinywi rangi kwa kiasi kimoja, kwa hiyo juu ya maungio mng'ao ulikuwa tofauti, na mikanda ingeonekana hata kama ukuta ungekuwa bapa kabisa. Niliukwaruza kwa ukucha mahali andwi isipofika. Karatasi ilikuwa imeota manyoya chini ya rangi, dalili ya msasa wa kukwaruza, namba 80 au karibu na hapo, mahali pa 150. Hilo la manyoya ni la fundi wa andwi. Mengine si yake.

Hapa ndipo mkataba ungesaidia, lau ungesema kitu. Uliandikwa “finisaji nzuri”, yaani umaliziaji mzuri, basi. Ulaya wana madaraja manne, Q1 hadi Q4. Q1 ni utepe na kujaza maungio, ya kutosha ukuta utakaopigwa vigae. Q2 ndiyo kazi ya kawaida, maungio yamesawazishwa na uso wa plako, kwa rangi isiyong'aa. Q3 inapanua maungio na kukwangulia andwi nyembamba juu ya karatasi yote kuziba vinyweleo vyake. Q4 ni kufunika ukuta mzima kwa tabaka, na hiyo ndiyo inayotajwa panapokuwa na rangi ya kung'aa au mwanga wa ubavuni. Marekani wanahesabu 0 hadi 5, ya nne ikiwa ya kawaida na ya tano ikiwa ya kufunika uso wote. Hata Q4 haiahidi ukuta usio na kivuli chochote. Inaahidi kukipunguza sana. Mama alilipia bei ya Q2, akaweka rangi na taa zinazodai Q4. Taa zenyewe zilifungwa fundi wa andwi amekwisha ondoka. Hakuna fundi duniani anayeweza kupiga msasa kwa ajili ya taa asiyoijua.

Kwa nini sikukubali kufunika kwa matone

Mpaka rangi alipoitwa alileta dawa yake: kila kitu kipigwe rangi ya matone, ile yenye uso wa ganda la chungwa, na kasoro zote zipotee. Mjini hapa tumezoea tirolieni, ile plasta ya kurushwa yenye uso wa chembechembe, kwenye kuta za nje, kwa hiyo wazo lilimvutia mama haraka.

Uso wa matone unaficha kweli. Unavunja mwanga, na mdidimio mdogo hauonekani tena. Kwa dari ya korido nilikubali. Lakini hauzuii kitu kinachotembea: visi iliyoachana na mti itasukuma matone kama ilivyosukuma rangi laini, ufa wa mlango utapita katikati yake, na siku ya kukarabati utagundua kwamba kiraka juu ya matone ndicho kigumu kuliko vyote kukificha. Tena kuna kasoro zake zenyewe. Mchanganyiko ukiwa mwepesi unatiririka, ukiwa mzito unatoa mabonge. Bunduki ya kupulizia ikisogezwa kwa mkono usiotulia, mahali mapigo mawili yanapopandana panatokea mkanda. Bila rangi ya msingi chini, maungio yananyonya maji tofauti na karatasi, na baada ya kukauka mikanda ile ile inarudi ikiwa na sura ya matone. Na kama ni ule mtindo wa kulaza vichwa vya matone kwa bamba, unangoja mng'ao wa maji upotee, dakika 10 au 15 hivi, kisha unapita kwa mkono mwepesi. Ukiwahi unapaka matope, ukichelewa unakwaruza. Mtu anayelipa matone ili asilipe matengenezo analipa mara mbili, hilo nilimwambia mama bila kuzunguka.

Hukumu

Tulikaa watu watatu, seremala akiwa kwenye simu. Fundi wa andwi alikubali kurudia bila malipo maungio yaliyodidimia, yale ya ncha, malengelenge na manyoya, kwa utepe wa karatasi, na mkono wa kwanza wa andwi ya unga. Mama alitoa vifaa vya maungio ya wima, kwa sababu ya ile Jumatatu yake. Visi, ubao wa juu ya mlango na gharama ya kuziba juu yake vilikwenda kwa seremala, aliyebisha kuhusu mbao mbichi hadi alipotumiwa picha ya vipande vya uani. Akakubali visi na ubao, gharama ya kuziba akaikataa. Mama akaibeba.

Ukuta wa mapokezi ukawa kazi mpya yenye bei mpya: tabaka juu ya uso wote, msasa upigwe usiku taa za LED zikiwaka, rangi ya msingi, kisha rangi isiyong'aa. Mama alipigania mng'ao kwa muda mrefu. Alikubali alipoona kipande cha majaribio cha rangi zote mbili, kimoja kando ya kingine, chini ya taa zake mwenyewe. Theluthi aliyoizuia akaiachia nusu siku hiyo, nusu nyingine ifuate matengenezo yakikaguliwa kwa taa hizo hizo.

Likabaki jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amelilalamikia: mstari mahali plako inapokutana na ukuta wa zamani wa matofali. Palikuwa na ufa mwembamba kutoka juu hadi chini, na fundi alitaka kuuziba kwa andwi na utepe pamoja na mengine. Tulimzuia. Matofali na fremu ya mbao havitembei kwa kipimo kimoja majira yanapobadilika, na andwi haivutiki. Pakakatwa mfereji mdogo, pakajazwa mastiki ya akriliki, kijazio laini kinachovutika na kinachopakika rangi, na mama akaelezwa kwamba baada ya miaka michache itahitaji kujazwa tena. Akaandika hilo kwenye mkataba mpya, chini ya Q4 ya mapokezi na Q2 ya vyumba vingine, na tarehe: kazi zote zikamilike kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja.